Upele Umepona, Weusi Umebaki: Namna ya Kuufifisha

Pitisha kidole juu ya doa. Pakiwa laini na sawa na ngozi ya jirani, hiyo ni rangi tu iliyozidi pale ngozi ilipovimba, na itafifia. Pakiwa na kishimo au kinundu ni kovu, na kovu lina tiba zake nyingine.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha upele wenyewe umekwisha. Kama bado panawasha, bado pana uvimbe, nao utaendelea kuzaa weusi. Tibu muwasho kwanza. Doa linalorudi palepale kila ukimeza dawa fulani, hasa za salfa kama kotrimoksazoli, ni mzio. Mwambie daktari akubadilishie dawa, la sivyo krimu zote ni kazi bure.

Weka kando dodoki na jiwe. Weusi huu hautoki kwa kusuguliwa, msuguo huuongeza. Oga kwa kiganja, kisha paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu.

Jua ndilo linalowakwamisha wengi. Usoni paka losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi: mstari mmoja juu ya kidole cha shahada, mwingine juu ya kidole cha kati, hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Ukishinda nje, rudia kila baada ya saa mbili. Yenye rangi ya ngozi ni bora, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida, ambao nao huikoleza ngozi nyeusi. Miguu na mikono ifunike kwa nguo, ni rahisi zaidi.

Ukitaka kuharakisha, tumia dawa ya kupaka ya asidi ya azelaiki ya asilimia 15 hadi 20, asubuhi na jioni. Au adapalini ya asilimia 0.1 usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, ukianza na siku mbili kwa juma (mjamzito asiiguse). Ikichoma, punguza: ngozi iliyoungua huota weusi mpya. Usihukumu kabla ya wiki 12. Doa la hudhurungi huchukua miezi 6 hadi 12. Lililo kijivu limezama chini, laweza kukaa miaka.

Mkorogo usiuguse. Vinavyowekwa humo vina madhara: zebaki huharibu figo, klobetasoli (dawa kali ya steroidi) hukondesha ngozi, na haidrokwinoni ya muda mrefu huacha weusi wa samawati usiotoka kirahisi. Limau nalo likikutana na jua huunguza.

Baka likiwa jeupe kuliko ngozi, habari ni nyingine. Liguse kwa ncha ya pamba huku umefumba macho. Usipohisi kitu, nenda kituo cha afya upimwe ukoma. Dawa zake hutolewa bure.