Historia na afya katika muhula mmoja: namna ya kuyasoma

Ukipangiwa historia na masomo ya awali ya afya katika muhula mmoja wa chuo cha kati, kosa la kwanza la kuepuka ni kuyasoma yote kwa mtindo mmoja, yaani kupigia kitabu mistari na kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Historia huuliza kwa nini jambo lilitokea, na jibu lake hubishaniwa. Anatomia na fiziolojia huuliza kitu kiko wapi na kinafanyaje kazi, na hapo hakuna ubishi: damu imepita kwenye vali hii, yaani mlango mdogo wa moyo, au haikupita. Kwa hiyo yagawie mahali tofauti. Afya inasomeka kwa vipande vidogo hata ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road, Nairobi. Historia inataka meza na dakika 50 hivi bila simu, kwa sababu hoja ikikatika katikati utairudia tangu mwanzo.

Kwa upande wa afya, anza na maneno. Kiswahili cha nyumbani hutumia neno mshipa kwa ateri na kwa vena, ambazo ni njia za damu, kwa neva inayopeleka hisia, na wengine hata kwa ngiri. Darasani hivyo ni vitu vinne. Homa nayo kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine mafua, kwa mwingine malaria. Kwenye mtihani joto ni dalili na malaria ni ugonjwa, na anayeandika kimoja mahali pa kingine hupoteza alama hata kama somo analijua. Presha kila mtu anayo, ugonjwa ni kupanda kwake. Tenga kurasa mbili za daftari kwa maneno ya aina hii, kushoto neno la nyumbani, kulia maana zote zinazojificha ndani yake.

Kisha mizizi ya Kigiriki na Kilatini. Cardi- ni moyo, hepat- ini, nephr- figo, gastr- tumbo la chakula. Mwisho wa -itis ni kuvimba kwa kiungo, mara nyingi kwa maambukizi au jeraha, -ectomy ni kukikata na kukitoa. Hyper- ni kuzidi, hypo- ni kupungua. Hizi mbili zikichanganywa, mgonjwa aliyeishiwa sukari anaweza kutibiwa kama aliyezidiwa nayo, basi zipe muda wake. Kata karatasi ya manila vipande vya sentimita 7 kwa 10, mzizi mbele, maana na mfano mmoja nyuma. Kadi mpya 10 kwa siku zinatosha. Uwe na bahasha tatu: ya kila siku, ya kila siku ya tatu, ya kila wiki. Kadi uliyoijua inasonga mbele, uliyoikosa inarudi bahasha ya kwanza. Wengi huharibu kazi hii kwa kugeuza kadi haraka. Litamke jibu kwanza, hata kwa kunong'ona, kwani kulitambua jibu ukiliona si sawa na kulikumbuka.

Moyo uchore bila kitabu. Mchoro huchorwa kana kwamba mgonjwa amekutazama, hivyo upande wake wa kulia uko kushoto kwa karatasi yako. Andika neno KULIA upande wa kushoto wa karatasi kabla ya mstari wowote. Kosa hili peke yake huangusha michoro mingi iliyochorwa vizuri. Sasa fuata damu (atriamu ni chumba cha juu cha moyo, ventrikali ni cha chini): vena kava, atriamu ya kulia, vali ya trikaspidi, ventrikali ya kulia, ateri ya mapafu, mapafu, vena za mapafu, atriamu ya kushoto, vali ya mitrali, ventrikali ya kushoto, aota. Aliyekariri kwamba ateri hubeba damu yenye oksijeni nyingi hukwama njiani, maana ateri ya mapafu hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni. Shika maana yenyewe: ateri hutoa damu moyoni, vena huirudisha. Rudia mchoro siku ya 3, ya 7 na ya 14, kila mara kwenye karatasi tupu, na usahihishe kwa kalamu nyekundu.

Vipimo vya mwili jizoeze nyumbani. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba cha huyo unayempima. Gumba lako usilitumie, lina mapigo yake na utahesabu ya kwako. Hesabu sekunde 30 uzidishe kwa 2, ila mapigo yakiwa hayana mpangilio hesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 hadi 100 na pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Pumzi zihesabu bila kumwambia, ukiwa bado umeshika kifundo. Akijua, hubadilisha upumuaji. Kwa watoto, pumzi huitwa za haraka zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Hesabu akiwa ametulia, si akilia.

Maji ya chumvi na sukari, ya kumpa mtoto anayeharisha, huulizwa sana: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa kwa kisu. Vijiko vya mlima ndivyo huleta hatari, chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Andika na sababu: glukosi husaidia sodiamu kupenya ukuta wa utumbo, na maji huifuata.

Tukija kwenye historia, usikimbilie tarehe zote. Simika nguzo sita: 1895 Uingereza ilipotangaza himaya yake ya Afrika Mashariki, 1899 reli ilipofika Nairobi, 1920 himaya ilipogeuzwa koloni la Kenya, 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, 1963 uhuru, 2010 katiba mpya. Kila tukio jipya litundike kati ya nguzo mbili, kisha lipe ukurasa mmoja wenye maswali manne: nini kilitangulia, nini kiliwasha moto, nani alifaidi na nani aliumia, nini kilibadilika. Swali la tatu ndilo lenye alama, na ndilo wanafunzi huliruka wakabaki kusimulia.

Nairobi yenyewe inakupa mfano unaounganisha masomo yote mawili. Mwaka 1902 tauni ilizuka kwenye soko la Wahindi, na wakuu wakaamuru lichomwe. Chukua daftari la afya: bakteria wa tauni alitambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, na mwaka 1898 Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaoisambaza. Moto huua baadhi ya panya, wengine hukimbilia kwingine pamoja na viroboto wao. Sasa shika daftari la historia: kwa nini moto, na si kuzoa taka, kuchimba mitaro na kuwatega panya? Mwaka 1913 mtaalamu wa afya William Simpson alipendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu. Hapo unaona lugha ya usafi ikitumika kugawa ardhi, na hiyo ni hoja ya insha nzima. Jina la mtaa wa Kariokor, Nairobi, lichambue hivyo hivyo: limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ambao kati ya waliokufa wengi waliuawa na maradhi kuliko risasi. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilianza 1901 kwa vitanda 40, ikiwa ya wenyeji peke yao. Uliza wengine walitibiwa wapi.

Ukipata asubuhi moja, nenda Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Beba kitambulisho na penseli, maana wino ukidondokea waraka wa zamani hautoki. Nenda na swali moja lililoandikwa. Anayeingia kutafuta "habari za Nairobi" hutoka mikono mitupu. Kwa kila waraka andika nani aliuandika, kwa nani, lini, na alitaka nini. Barua ya afisa wa kikoloni kuhusu uchafu wa mtaa inakuambia mengi kuhusu afisa, na machache tu kuhusu wakazi.

Kwenye chumba cha mtihani soma kitenzi cha swali kwanza. Taja ni orodha. Eleza ni kila jambo pamoja na sababu yake. Jadili ni pande mbili na msimamo wako. Insha ya dakika 45 itengee 7 za kupanga, 33 za kuandika na 5 za kusoma tena. Katika karatasi ya afya, mchoro uweke kwa penseli kabla ya kuandika maelezo, kwa sababu ukianza na maelezo na muda ukaisha, sehemu zilizopewa majina kwenye mchoro ndizo zitakazokosekana.