Prototaipu ya RPG: iandike mara moja, kila moduli iisome

Kwa mnaoandika RPG (lugha ya programu) kwenye IBM i (mfumo endeshi wa IBM): msinakili prototaipu (tamko la parameta ambazo prosija, yaani kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina, hupokea) kwa mkono kutoka programu hadi programu. Iwekeni kwenye faili yake, muivute kwa /copy (agizo la kuingiza faili nyingine wakati wa kukompaili) katika kila programu inayoita prosija hiyo, na pia (hapa ndipo wengi huruka) katika moduli yenye prosija yenyewe. Kompaila ikiziona dcl-pr (prototaipu) na dcl-pi (orodha ya parameta ndani ya prosija yenyewe) pamoja, huzilinganisha. Kiasi kikiwa packed(7:2) (tarakimu 7, 2 kati yake za desimali) huku na packed(9:2) kule, inakataa papo hapo. Bila hivyo kila kitu kinapita, halafu prosija inasoma baiti 5 pale zilipotumwa 4, na ankara ya mteja inatoka na tarakimu za ajabu.

Ukibadilisha prototaipu, kompaili upya wote wanaoita. Hili halina njia ya mkato.

Parameta ambayo prosija haiibadilishi, ipe const. Utaweza kutuma hesabu kama bei * idadi moja kwa moja, au namba yenye ukubwa tofauti, kompaila itatengeneza nakala ya muda.

Prosija inayotumika ndani ya moduli yake tu haihitaji prototaipu tangu toleo la 7.1 la IBM i.