Somo la banjo: mkono unaosita na noti zinazoponyoka

Wengi wanaojifunza banjo ya nyuzi tano huamini kwamba wanakosa noti kwa sababu vidole vyao ni vizito. Kwa maoni yangu, wanachokosa ni kujua ni wakati gani hasa mkono wa kushoto uko huru kuhama. Banjo iwe imetuniwa kwa G wazi, yaani gDGBD kuanzia uzi wa tano hadi wa kwanza, nasi tutatumia mzunguko wa nyuzi 3-2-5-1-4-2-5-1, ambamo shahada hupiga uzi wa pili, kidole cha kati uzi wa kwanza, na gumba nyuzi zilizobaki.

Hatua ya kwanza ni ya mkono wa kulia pekee. Egemeza kidole cha mwisho juu ya ngozi karibu na daraja, kisha piga mzunguko huo kwa metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, ya mapigo 60 kwa dakika, noti mbili kwa kila pigo. Noti ikikuponyoka usisimame, kwa kuwa anayesimama kila anapokosea huufundisha mkono wake kusimama.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito: kuhama kutoka kodi (kundi la noti zinazopatana) ya G, ambayo nyuzi zake zote huwa wazi, yaani hazibanwi, kwenda kodi ya D7. Katika D7, kidole cha kati hubana uzi wa tatu kwenye freti (kijiti cha chuma shingoni mwa banjo) ya pili, na shahada hubana uzi wa pili kwenye freti ya kwanza. Noti mbili za mwisho za mzunguko, uzi wa tano na wa kwanza, hupigwa wazi; basi mkono wa kulia unapozipiga, wa kushoto hauna kazi ila kusafiri. Tena mzunguko mpya huanzia uzi wa tatu, kwa hiyo kidole cha kati kitangulie, na shahada ina nafasi ya noti moja zaidi. Wengi husita kwa kutaka vidole vyote vitue pamoja.

Mwisho, rudia kiungo hicho tu: noti nne za mwisho za G na nne za kwanza za D7.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona uzi wa tano naukosa hata nikipiga polepole?*

Gumba likipiga uzi wa nne kwa nguvu hupitiliza, likachelewa kurudi juu. Punguza nguvu, wala usiongeze bidii.

*Nivae kucha za kupigia tangu mwanzo?*

Ndiyo, ikiwa unafuata mtindo wa vidole vitatu aliouvumisha mpiga banjo wa Marekani Earl Scruggs: mbili za chuma, na ya plastiki kwa gumba. Kucha hugusa uzi mapema kuliko nyama ya kidole, hivyo ukichelewa kuzivaa utalazimika kujifunza umbali upya.

*Mkono wa kushoto hukakamaa kabla ya D7.*

Bana uzi nyuma kidogo ya freti, kwa nguvu inayotosha tu kuondoa mkwaruzo wa sauti.