Kupanga ioctl ya draiva ya Linux usije ukaijutia

Kosa ndani ya draiva (programu inayoendesha kifaa) utalirekebisha kesho. Amri uliyokwisha kuzipa programu za watu ni habari nyingine: kwenye Linux, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) mpya hairuhusiwi kuharibu programu iliyokuwa ikifanya kazi jana. Kwa hiyo tuanze na mlango, yaani ioctl, mwito ambao programu hutumia kuipa draiva amri; draiva baadaye. Mfano wetu ni mzani wa kielektroniki, /dev/mzani0.

Hatua ya 1: Je, unaihitaji ioctl kweli?
Uzito usomwe kwa read(), na anayesubiri kipimo kipya atumie poll(), mwito wa kungoja data. Mpangilio mdogo wenye thamani moja uweke sysfs (mafaili ya mipangilio chini ya /sys). (Mzani halisi ungeingia kwenye IIO, mfumo wa kerneli wa vifaa vya kupimia, ambako chipu ya HX711 tayari ina draiva. Wetu ni wa kujifunzia.) Ioctl tuibakizie kazi kama kubadilisha kasi na muda wa kupima kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 2: Tengeneza namba ya amri
Tumia mojawapo ya makro _IO, _IOR, _IOW au _IOWR. Kwenye x86 na ARM, biti 32 hugawanywa hivi: 8 za namba, 8 za herufi ya draiva, 14 za ukubwa wa data, 2 za mwelekeo. Mwelekeo hutazamwa kutoka upande wa programu, kwa hiyo _IOR maana yake programu ndiyo inayosoma. Herufi iliyo huru itafute kwenye ioctl-number.rst, orodha iliyomo kwenye nyaraka za kerneli.

Hatua ya 3: Panga muundo wa data
Hapa ndipo nilipoumia. Niliandika hivi:

```c
struct mzani_mpango {
    __u32 kasi;
    __u64 muda_ns;
};
```

Programu ya biti 64 ilikwenda vizuri. Ile ya biti 32, kwenye kompyuta hiyohiyo ya x86, ikajibiwa "Inappropriate ioctl for device". Siku mbili nikaitafuta hitilafu ndani ya draiva, na haikuwamo. Nilipochapisha namba za amri zenyewe ndipo nikaona: 0x40104d01 na 0x400c4d01. Kikusanyaji (compiler) cha biti 64 hujaza baiti 4 katikati ili muda_ns ukae sawa, muundo unakuwa baiti 16. Cha i386 (x86 ya biti 32) hakijazi, unabaki 12. Na kwa kuwa ukubwa umo ndani ya namba, hizo zilikuwa amri mbili tofauti.

Dawa ni kuijaza nafasi hiyo mwenyewe:

```c
struct mzani_mpango {
    __u32 kasi;
    __u32 bendera;
    __u64 muda_ns;
};
```

Usitumie long wala kielekezi (pointer) ndani ya muundo, kwa kuwa ukubwa wake hutofautiana kati ya biti 32 na 64. Anwani ibebe kwa __u64. Na bendera (biti za kuchagua tabia ya amri) isiyotambulika ikatae kwa -EINVAL, kosa la "thamani batili", tangu siku ya kwanza. Ukiipuuza, programu zitaacha takataka humo, na siku utakayotaka kuitumia hutaweza.

Hatua ya 4: Upande wa kerneli
Ingiza data kutoka kwenye programu kwa copy_from_user(), kagua mipaka, kisha ndiyo uguse kifaa. Kabla ya kuirudishia data kwa copy_to_user() safisha muundo kwa memset, vinginevyo baiti za kujazia zitavujisha kumbukumbu ya kerneli. Amri usiyoijua irudishie -ENOTTY, kosa lenye ujumbe ule wa "Inappropriate ioctl for device". Usisahau .compat_ioctl, njia ya programu za biti 32 kwenye kerneli ya biti 64; kwa muundo wetu compat_ptr_ioctl inatosha.

Hatua ya 5: Pima
Faili la vichwa (.h) lenye amri na muundo likae include/uapi, saraka ya vichwa ambavyo programu hutumia. Kusanya programu ndogo ya majaribio mara mbili, kwa gcc -m64 na gcc -m32, uchapishe sizeof na namba ya kila amri. Zikitofautiana hata moja, rudi hatua ya 3 kabla hujampa mtu yeyote faili hilo.