Umeshagusa steroidi za jimu? Hivi ndo unavyoweza kulisaidia ini lako kwa mazoezi ya pumzi

Hii ni kwa wapiga vyuma ambao tayari wametumia steroidi, yaani dawa za homoni za kujaza misuli, vidonge au sindano, na kwa wale waliopewa na mwalimu wa jimu wakaambiwa ni vitamini tu. Sijaja kumgombeza mtu, nataka ini lako lipone. Na njia mojawapo isiyo na gharama ni kutembea haraka, mchakamchaka, baiskeli, kuogelea, kuruka kamba, yaani yale mazoezi ya pumzi ambayo watu wa vyuma wengi wanayakwepa wakiogopa eti yatakula misuli.

Kwanza ujue unameza nini, maana hazigongi ini sawasawa. Dianabol, Winstrol, Anadrol, Anavar, hivi vidonge vimetengenezwa makusudi ini lisiweze kuvivunja haraka vikitoka tumboni, ndo maana vinafanya kazi ukimeza, lakini shida inaanzia hapohapo, ini linahangaika navyo muda mrefu, ndani ya seli zinazalishwa kemikali kali zinazoziumiza seli zenyewe, nyongo inashindwa kutiririka, na kuna watu waliovitumia miaka mingi wamekutwa na vifuko vya damu ndani ya ini au hata saratani. Sindano za testosteroni na nandroloni ini linazivumilia zaidi ila moyo, presha na uzazi vinaumia vilevile. Prednisolone ya pumu ni steroidi ya aina nyingine kabisa, kama daktari kakuandikia endelea nayo, usije ukaiacha ghafla kwa sababu umesoma hapa.

Sasa kukimbia kunasaidiaje? Mwili ukizoea mazoezi haya unajiongezea kinga zake dhidi ya zile kemikali, seli zinatengeneza nguvu vizuri zaidi, na mafuta yaliyojaa kwenye ini yanapungua, hili la mafuta limeonekana kwa binadamu kabisa, tena hata kwa wale ambao uzito haukushuka. Kwa upande wa steroidi zenyewe ushahidi mwingi unatoka kwa panya waliochomwa dawa huku wanakimbizwa au kuogeleshwa, kwa hiyo uchukue kama msaada tu, usijipe ruhusa ya kuendelea kumeza. Kinacholinda ini kuliko vyote ni kuacha vidonge. Na kuacha nako usifanye kimyakimya, muone daktari, maana homoni zako mwenyewe zinakuwa zimelala na unaweza kupata unyonge, hamu ya tendo kuisha, na sonona ya kweli kabisa.

Kabla hujaanza nenda maabara. Omba ALT, AST, GGT na bilirubini, yaani vipimo vya damu vinavyoonyesha hali ya ini, pima presha, na pima homa ya ini B, huku kwetu ipo sana na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila dalili yoyote halafu juu yake anameza Anadrol. Angalia hapa watu wengi wanakosea: jana jioni umepiga skwati nzito, leo asubuhi unatoa damu. ALT na AST zinatoka kwenye misuli pia, zitapanda utaogopa bure. Pumzisha vyuma kama wiki hivi kabla ya kipimo, na mwambie daktari ukweli wote, unachotumia na kwamba unanyanyua, ili aangalie GGT ambayo haitoki kwenye misuli, na ikibidi aongeze CK ambayo ndo inaonyesha misuli.

Majibu yakiwa hayatishi na daktari amekuruhusu, anza na kutembea haraka dakika 20, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki mbili panda hadi dakika 30, halafu ongeza siku mpaka zifike tano, hapo umefika dakika 150 kwa wiki, kiwango cha chini ambacho WHO inashauri kwa mtu mzima. Kasi yako ipime kwa mdomo: uweze kuongea sentensi nzima lakini usiweze kuimba. Ukishindwa hata kuongea punguza, kwa sababu mazoezi makali sana yanahamisha damu kwenda kwenye misuli na ini linapata kidogo, na steroidi zinaweza kuwa zimeshapandisha presha na kunenepesha moyo, kwa hiyo kukimbiza roho juu siku ya kwanza ni hatari. Maji unywe ya kutosha, hasa Dar au Mombasa, ikiwezekana toka alfajiri kabla jua halijachoma.

Kuhusu misuli kuisha, dakika 30 za namna hii hazikupunguzii kitu kama unakula vizuri na bado unanyanyua. Siku ukitaka vyote viwili, anza na vyuma umalizie na kutembea.

Pombe weka pembeni kabisa kipindi hiki. Panadol usizidishe. Na zile chupa za mitishamba za kusafisha ini naomba uziache, nyingine ndo zinaliumiza zaidi. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, sumukuvu ni adui wa ini na Kenya mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100.

Macho yakiwa ya njano, mkojo rangi ya chai ya rangi, kinyesi kikapauka, mwili unawasha kila mahali, au maumivu upande wa kulia chini ya mbavu, usiende kukimbia ukasema utatoa jasho itaisha. Acha vidonge siku hiyohiyo uende hospitali.

Vipimo rudia baada ya wiki 6 hadi 8, maabara ileile kama inawezekana, na yale majibu ya kwanza nenda nayo mkononi ili daktari alinganishe.