Namna ya kuufunga mwaka na kupanga malengo kama una ADHD

Mwaka ukikaribia kuisha kila mtu anauliza umefanya nini mwaka huu na mwaka ujao una malengo gani, na kwa mtu mwenye ADHD, yani hali ya ubongo inayofanya kutulia, kushika umakini na kujipanga kuwe kugumu, hilo swali linakuja na aibu yake, kwasababu ukijaribu kukumbuka kinachotangulia ni vile ulivyoanza ukaacha, kozi uliyolipia ukaishia somo la tatu, daftari zuri lenye kurasa chache za mwanzo zimejaa na nyingine zote nyeupe. Kabla hujaandika lengo lolote naomba ushike hili: usiutathmini mwaka wako kwa kichwa. ADHD inagusa uwezo wa kushika mambo akilini, kupanga, na kuhisi muda unavyokwenda, kwaiyo vitu vizuri vya mwezi wa tatu vinaweza kukupotea kabisa, alafu kama wiki hii umechoka na una huzuni basi mwaka mzima unauona ovyo.

Fungua simu. Nenda kwenye picha, rudi mpaka Januari, alafu panda nazo taratibu mwezi mmoja mmoja, na kila mwezi andika vitu viwili vitatu tu, sentensi fupi fupi, usipambe. Utakutana na skrinishoti ya barua ya kazi, picha ya mtoto wa ndugu yako siku uliyoenda kumsaidia kuhama, risiti ya ile kitu uliyoahirisha kununua miezi mitano na mwishowe ukanunua. Hivo vyote ni mwaka wako. Ukimaliza picha pitia kalenda na meseji ulizotuma, hapo ndio unakuta kazi ulizomaliza ambazo hukuwahi kuzihesabu. Ila weka taima ya dakika 15, na hii usiipuuze, maana picha za zamani zinavuta na unaweza kushtuka masaa mawili yamekwenda na hujaandika neno. Miezi mitatu kwa siku inatosha, siku nne umemaliza.

Ukishapata hayo maandishi usijiulize nimefanikiwa au nimefeli, jiulize kilichofanya hii kitu iende kilikuwa nini. Kwa wengi wetu umuhimu peke yake hautuamshi, tunajua kabisa jambo ni muhimu na bado mwili haunyanyuki, ila likiwa jipya, au linatuvutia, au dedilaini iko kesho, au kuna mtu amekaa pembeni anasubiri, tunalimaliza. Sio uvivu, ubongo wenye ADHD unashughulika na dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hamu ya kufanya kitu, kwa namna yake na zawadi iliyo mbali haina nguvu kama iliyo karibu. Kwaiyo pembeni ya kila kilichoenda vizuri andika mazingira yake: nilikuwa na nani, ilikuwa saa ngapi, nani alikuwa anasubiri. Mfano unakuta ripoti zako zote zilizofika kwa wakati uliziandika ukiwa umekaa na mwenzako meza moja, kila mtu na kazi yake, hata hamuongei. Basi hiyo ndio mbinu yako ya mwaka ujao na tayari ina ushahidi.

Na vilivyokufa njiani fanya hivohivo, tafuta viliishia wapi hasa. Usiandike "sina nidhamu", hiyo haikuambii kitu, andika "niliacha mazoezi wiki niliyosafiri na niliporudi sikujua nianzie wapi", maana hiyo unaweza kuitengenezea njia. Kama unaona mwaka mzima ulikuwa giza, usingizi mbovu, huna hamu ya kitu chochote, hapo usikimbilie malengo, ongea na daktari kwanza, kwasababu wasiwasi na sonona huandamana sana na ADHD na vinatibika. Na kama mwaka huu ndio umejua una ADHD ukiwa mtu mzima, ukipitia miaka ya nyuma unaweza kupata uchungu wa kweli, wa kuwaza ningejua mapema ingekuwaje. Upe nafasi huo uchungu, malengo yanaweza kusubiri wiki.

Sasa malengo. Moja au mawili, yani kweli, hata kama kichwa kinakuletea kumi na yote unayapenda. Yale mengine yaandike kwenye karatasi nyingine uipe jina "baadae" ili yasikusumbue. Alafu usipange mwaka mzima, kichwa chetu kinajua "sasa" na "sio sasa" tu, na Desemba ijayo iko kwenye fungu la "sio sasa", panga wiki nne mpaka sita. Lengo lenyewe livunje mpaka ufikie kitendo ambacho mkono unaweza kukifanya. "Nifanye mazoezi" haifanyiki. "Nivae raba nitoke nje ya mlango" inafanyika, na siku ukiishia hapo mlangoni weka alama, imehesabika.

Alafu kifunge kwenye kitu ambacho tayari unafanya. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya aina ya "ikitokea hivi, nafanya vile", na baadae imeonekana inasaidia hata watoto wenye ADHD. Mfano: nikimaliza kupiga mswaki, nameza dawa. Na dawa ikae palepale pembeni ya mswaki, sio kwenye droo, maana kikiondoka machoni kimeondoka akilini. Lengo lako pia liandike kwa maandishi makubwa ulibandike mlangoni kwa ndani usawa wa macho, na jicho likishaizoea hiyo karatasi ukawa unaipita tu, badilisha rangi au ihamishe.

Sehemu ambayo watu wengi wanairuka ni kupanga utarudi vipi, na mi naona hii ni muhimu kuliko lengo lenyewe. Utaacha, tusidanganyane, kwaiyo andika leo ukiwa na akili tulivu: nikipitwa na siku tatu narudi na toleo dogo, dakika 5, na siku zilizopita sizilipi. Ile ya kwamba tabia inajengeka kwa siku 21 iachie mbali. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake uliotoka 2010 ulikuta wastani ni siku 66, wengine 18 wengine mpaka 254, tena haukuwa utafiti wa watu wenye ADHD, na waliona kuruka siku moja hakuharibu chochote cha maana.

Mwisho tafuta mtu mmoja usiyemuogopa, mpange mtaongea wiki ya nne, na alamu iweke sasa hivi kabla hujafunga huu ukurasa, iandike na maneno yake kabisa, "mpigie fulani kuhusu raba". Mkiongea msianze na umetimiza asilimia ngapi, mjadili tu kama lengo libaki hivohivo, lipunguzwe, au liende kwenye karatasi ya baadae na uchukue lingine.