Kutengeneza bamba la kikanyagio cha pikipiki kwa alumini

Pikipiki ya kujiundia haina duka la spea. Fremu imetoka kwa moja, injini kwa nyingine, gurudumu la nyuma huenda limetoka kwa ya tatu, na vipande vya kuvikutanisha lazima uvichonge mwenyewe. Nitaeleza kimoja ninachokipenda kuliko vyote: bamba linaloshika kikanyagio cha mguu. Ukilimudu hilo, vishikio vya taa na betri havitakusumbua.

Nunua alumini inayojulikana aina yake. Mimi hutumia 6061-T6 au 6082-T6, unene wa mm 10 (namba ni aina ya mchanganyiko wa alumini, na T6 ni alama kwamba imeimarishwa kwa joto). Ile 7075 ina nguvu karibu mara mbili, lakini huliwa na kutu upesi zaidi na haifai kuchomelewa. Kwa kazi ya kukunja, kama boksi la betri, chukua 5052, maana T6 ukiikunja kona kali inapasuka. Bamba la kuokota, usilolijua, lifungie taa, usilikanyage.

Kumbuka pia kwamba alumini ina uzito wa thuluthi moja tu ya chuma, lakini hunepa karibu mara tatu zaidi. Dawa yake ni unene: ukiongeza unene mara mbili, ugumu wa bamba dhidi ya kupinda unapanda mara nane. Kwa hiyo usiogope bamba nene. Uzito utaupunguza baadaye kwa kutoboa mahali pasipobeba mzigo.

Anza na kadibodi. Ukiridhika, kata umbo hilo kwenye plaiwudi, lifunge kwenye fremu, ukae juu ya pikipiki iliyosimamishwa imara na uweke mguu pale bila kuulemeza. Je, kisigino kinagusa bomba la moshi? Mnyororo una nafasi ya kutosha mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu, ukipanda na kushuka? Pedeli ya breki inafikika bila kuinua mguu? Kaa hapo kwa muda mrefu, kwa sababu goti linalouma gereji litauma zaidi barabarani.

Sasa kuchora. Alama za ndani ya kipande zichore kwa kalamu ya wino, si kwa ncha ya chuma. Chuma kikipewa mzigo mdogo wa kutosha kinaweza kutikiswa miaka bila kuchoka, ila alumini haina kiwango cha namna hiyo: kila mtikisiko wa injini unahesabika, na ufa hupenda kuanzia kwenye mkwaruzo au kona kali. Ndiyo sababu kila kona ya ndani naitoboa kwanza tundu la mm 10 au zaidi, kisha naleta msumeno hadi kwenye tundu. Kona inazaliwa ikiwa mviringo.

Kukata, msumeno wa mkono wenye meno 18 kwa inchi unatosha, ukipaka mafuta ya taa kidogo kwenye mstari. Kazi yenyewe iko kwenye tupa. Alumini ni laini. Chenga zake hujibana kati ya meno, na chenga moja iliyonata inachora mtaro bamba zima. Sugua chaki kwenye tupa kabla ya kuanza, isukume mbele tu, na ipige brashi ya waya kila baada ya misukumo michache, ukifuata mwelekeo wa meno. Taya za jiliwa zivalishe vipande vya mbao. Jiwe la mashine ya kunolea usiliguse kabisa na alumini: linaziba, linapata moto, na linaweza kupasuka usoni pako.

Matundu ya bolti za M8, yaani za kipenyo cha mm 8, yatoboe mm 8.4. Hesi ndani ya alumini inataka kina cha karibu mara mbili ya kipenyo cha bolti, yaani mm 16 kwa M8, na bamba letu halifiki. Napitisha bolti moja kwa moja na kufunga nati ya kujikaza upande wa pili, na washa pande zote mbili. Paka grisi bolti inapogusana na alumini, la sivyo maji ya chumvi yataila alumini taratibu.

Malizia kwa msasa: 120, kisha 240, kisha 400, kingo zote ziwe butu.

Lifunge, simama juu yake kwa uzito wako wote, ruka kidogo. Baada ya safari za kwanza lifungue, lisafishe, lipulizie rangi nyekundu ya kupenya. Ifute, kisha pulizia unga mweupe. Ufa ukiwepo utajitokeza kama mstari mwekundu. Usiuchomelee, kwa sababu moto huiondolea T6 sehemu kubwa ya nguvu yake kando ya mshono. Kata bamba lingine, na safari hii liongezee upana pale lilipopasuka.